Mkono Mmoja Mfukoni: Kazi Yangu kwenye Mashine ya Plazma

Mmeniaga vizuri. Mmekula mbuzi wangu, mmenipa saa ya ukutani ambayo haijatembea hata mara moja tangu itoke kwenye boksi lake, halafu mkasema, "Mzee Yakobo, tuandikie basi mambo ya zamani, sisi vijana tujifunze." Haya, naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo atakayekuta herufi imekaa vibaya aikalishe vizuri yeye mwenyewe, ndiyo kazi aliyosomeshewa. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Waliopanda wanajijua, na waliopanda bila kujua hata nati inafungwa upande gani, hao tunawajua sisi.

Kabla ya plazma nilikuwa na kibanda changu Kasulu, jirani na stendi. Nasuka mota. Mashine ya kusaga ikiungua Titye, mota inaletwa kwangu. Ikiungua Munanila, inafungwa kwenye pikipiki inaletwa kwangu, na mwenye mashine anakuja nyuma yake analia kama amefiwa. Nilijifunza kwa kufumua mota mbovu na kutazama aliyeisuka kabla yangu alifanya ujinga gani. Ndiyo shule yangu ya pili, na ile haikuwa na likizo.

Siku moja akaingia mwanamke amevaa baibui, na chini ya baibui ana buti za fundi. Nikajua huyu si mtu wa soko. Alikuwa Daktari Mwanaidi, mtu wa Tanga, mwalimu wa chuo, si daktari wa sindano. Akanisalimia kwa Kiswahili kile cha kwao kinachoteleza, akafungua mchoro juu ya meza yangu.

"Fundi, nataka unisukie koili hii."

"Inazungusha nini?"

"Haizungushi. Inaongoza plazma."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Gesi iliyopigwa umeme mkali mpaka ikaacha kuwa gesi. Ile inayowaka ndani ya radi, ndiyo hiyo."

Nikamwambia, "Mama, umepotea njia. Huku radi tunapewa bure, na nyingine tunatumiana wenyewe. Hatununui."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza kwamba anatengeneza mashine ya kurusha plazma kwa nguvu ya umeme na sumaku, ili siku moja isukume setilaiti ndogo ikiwa juu. Nikatazama nje. Siku hizo ukitoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa masika, basi lilisukumwa na abiria walewale waliolipa nauli. Na huyu anataka kusukuma setilaiti. Nikamsukia koili yake kwa sababu nilitaka kuona mwisho wa kichekesho. Mwisho wake ndio huu, nimestaafu nikiwa humo humo.

Karakana mnaijua, lakini hamkuiona ilivyokuwa. Lilikuwa ghala la unga wa wakimbizi, nje kidogo ya Kibondo, unga umekwisha, panya wamebaki wakisubiri mgao. Kijiji kililiazimisha kwa chuo. Ndani yake Daktari alikuwa ameweka mashine yake ya kwanza, na nisiwadanganye, nilivunjika moyo. Bomba la shaba ndani ya bomba jingine la shaba, basi. Yote mawili yanatazama ndani ya pipa la chuma lenye dirisha la kioo nene, na pipa limeunganishwa na pampu ya kunyonya hewa inayokohoa kama mvutaji wa tumbaku. Pembeni kuna kapasita, safu ya makopo makubwa ya kuhifadhia umeme.

Kinachofanyika ni hiki, na nawaandikia kwa maneno yangu kwa sababu yenu huwa yanamlaza mgeni. Unanyonya hewa yote ndani ya pipa. Unajaza kapasita. Unaachia pumzi ndogo ya gesi ya agoni, ile ile ya wachomeleaji, kati ya yale mabomba mawili. Kisha unafyatua. Umeme wote uliojaa kwenye kapasita unaruka kutoka bomba la ndani kwenda la nje kupitia kwenye gesi. Gesi inawaka, inakuwa plazma. Na umeme mwingi hivyo haupiti kimya, unazaa sumaku yake wenyewe, na sumaku hiyo inaisukuma plazma nje kwa kasi ambayo risasi ingeona aibu. Koili yangu inakaa mdomoni kuizuia isitawanyike hovyo. Yote hayo yanakwisha kabla hujamaliza kupepesa jicho. Ndiyo maana mgeni akija huwa anauliza, "Mnaanza saa ngapi?" wakati tumeshamaliza.

Aliyenifundisha kukaa hai karibu na kapasita hakuwa Daktari. Alikuwa Papa Ilunga, Mkongo wa kambini, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa fundi umeme wa migodi huko kwao kabla vita haijamfukuza. Siku yangu ya kwanza nilisogelea makopo yale nikiwa na mikono yangu yote miwili, kama mtu yeyote aliyezaliwa nayo. Akanipiga kofi la mgongo.

"Weye fundi! Mukono ya kushoto inafanya nini inje? Inatafuta kazi?"

"Imekaa tu."

"Itie mu mufuko ikae mule! Kura ikipita mu mukono moya, itakuuma, utalia, tutakucheka. Ikipita mu mikono mbili, inapita mu roho. Pale hatutacheka."

Kura kwao ni umeme, na roho ni moyo. Na somo lilikuwa hilo tu: mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni. Na kabla hujagusa chochote, fimbo. Ile fimbo ndefu ya plastiki yenye ndoano ya shaba kichwani, na waya wake umezikwa ardhini. Unagusa nayo makopo, umeme uliobaki unashuka udongoni, ndipo unaruhusiwa kuwa na mikono miwili tena. Ninyi mna taa nyekundu na kengele siku hizi. Mimi naamini fimbo. Taa ikiungua haisemi kwamba imeungua.

Sasa wageni wa huku nawaambia, na wenyeji mnajua: Muha hasalimii kwa mkono mmoja. Unainama, unatoa yote miwili, unamshika mwenzio viwikoni, unaanza. Mwidiwe. Amani? Watoto? Ng'ombe? Migomba? Maharage yametoka? Yule aliyekuwa anakohoa? Na kumsalimia mkubwa wako huku mkono mmoja umeutumbukiza mfukoni, afadhali ungemtukana, tusi lingekwisha mapema.

Papa Ilunga alitazama salamu zetu mle ndani akashika kichwa. "Ninyi batu, salamu yenu ni ndefu kupita treni. Mutakufa kwa adabu." Akachukua rangi nyekundu akapiga mstari sakafuni kuzunguka kapasita. Ndani ya mstari hakuna salamu. Hata askofu akija.

Aliyepata taabu kuliko wote ni Skolastika. Mnamwona leo ni mkuu wenu wa ufyatuaji, anawafokea, lakini alipokuja kutoka Munanila, mama wa watoto watatu aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga ya marehemu mumewe, mkono wake wa kushoto haukujua mfuko ni nini. Kila mzee akipita mlangoni anautoa. Papa Ilunga akamwambia aweke karanga mfukoni, ashike karanga. Akawa anazila. Mwishowe alizoea, na ovaroli zetu zote zikawa zinachakaa mfuko wa kushoto kwanza. Angalieni zenu. Kama mfuko wa kushoto bado mpya, wewe bado mgeni.

Mimi nami niliupata mshahara wa mstari ule. Mke wangu ni wa kijiji hicho hicho cha jirani na ghala, na baba yake, Mzee Bitaho, alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Siku moja akapita kuniona. Mimi nipo ndani ya mstari, kapasita zimejaa. Nikamwitikia kwa kichwa, mkono mfukoni. Alisimama mlangoni kidogo, akaondoka. Jioni mke wangu akaniletea taarifa: "Baba anasema umemsalimia kama unamfukuza kuku." Nikamwambia amweleze habari ya umeme. Akamweleza. Mzee akajibu kwamba umeme ameuona kwa wengine na hauwazuii kuwa na adabu.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja. Pipa lilivuja. Hewa ikiingia hata kidogo, plazma inakuwa moshi wa jikoni. Kutafuta tundu lisiloonekana unapaka spiriti kwenye viungio, kimoja kimoja, ukiangalia mshale wa geji. Spiriti ikipita kwenye tundu, mshale unaruka. Spiriti yetu ikaisha, na iliyoagizwa ilikuwa njiani kama kila kitu kinavyokuwa njiani kuja Kigoma. Nikaleta gongo, ile pombe kali ya magendo. Mshale uliruka vizuri kabisa, tundu likaonekana chini ya dirisha. Siku ile ile akaja askari, harufu imejaa ghala zima, mimi nina brashi na kidumu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Napima pipa."

"Kwa gongo?"

"Wewe ungelipima kwa uji?"

Daktari Mwanaidi, ambaye hajawahi kuonja hata bia, ndiye aliyetoka kuapa kwamba gongo ile ni kwa ajili ya sayansi. Aliapa kwa uso mkavu hivi kwamba askari alimwamini yeye, akaninusa mimi. Kidumu alikwenda nacho. Sijui kituoni walikuwa wanapima pipa gani.

Na kijijini wakasema tunatengeneza radi. Walisikia mlio wa pa! wakaona mwanga wa zambarau dirishani, wakafunga hesabu. Mtu mmoja alinifuata msalani kuuliza kama naweza kumwekea ndogo tu, ya jirani yake. Nikamwambia foleni ni ndefu. Nilikuwa namtania, lakini alikwenda akatangaza kwamba kuna foleni, na ng'ombe wa mtu akapigwa na radi ya kweli, ya mvua, wiki hizo hizo. Utani ukawa kesi. Maneno yakafika chuoni.

Ndipo ikaja kamati. Walitoka makao makuu ya chuo kuangalia mambo mawili: mashine inafanya kazi au haifanyi, na kijiji kinatutaka au hakitutaki. Kimoja kikikosekana, mashine inabebwa kama vyuma chakavu na ghala linarudi kuwa la mahindi. Daktari alikuwa amemwaga nywele zake nyeusi zote mle ndani. Skolastika hakuwa na mashine ya kusaga ya kurudia, aliiuza. Mimi kibanda changu Kasulu kilishakuwa duka la chipsi. Na wa kusema kijiji kinatutaka au hakitutaki ni nani? Mzee Bitaho, baba mkwe wangu, niliyemsalimia kama namfukuza kuku.

Walikuja alasiri, magari yameongozana, vumbi jekundu la kutosha kufyatulia matofali. Wakataka milango yote miwili ifunguliwe waingie kwa heshima. Heshima ikaingia, na vumbi likaingia nayo. Mkuu wa kamati alikuwa na suti ya kijivu na swali moja alilolirudia: "Na hii, mwananchi wa kawaida atanufaikaje nayo?" Daktari akaeleza. Mkuu akatikisa kichwa kama anayeelewa. Nimesuka mota za watu wengi, najua kichwa kinachoelewa na kinachotikisika tu.

Wakapangwa nyuma ya mstari. Mzee Bitaho akawekwa mbele, koti lake la sherehe, mwavuli kwapani ingawa mawingu hayakuwepo. Skolastika akajaza kapasita. Nikafungua gesi. Daktari akafyatua.

Kimya.

Akafyatua tena. Kimya tena. Pampu peke yake ndiyo ilikuwa inakohoa. Mkuu wa kamati akasema taratibu, "Aa." Ile "aa" ninayo masikioni mpaka leo, ilikuwa "aa" ya mtu ambaye tayari anapakia mahindi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mashine isipofyatuka, umeme haukwenda popote. Umo makoponi, umejaa, umenyamaza. Hapo ndipo inaua. Skolastika alisimama pembeni ya kapasita, mkono mfukoni, machozi yanamlenga, anageuka kuchukua fimbo. Na Mzee Bitaho akafanya kile ambacho mzee yeyote wa Uha angefanya. Binti kapata msiba wa kazi mbele ya watu. Hapewi pole kwa mbali. Akavuka mstari mwekundu, akainama, akatoa mikono yote miwili.

"Mwana wanje, pole. Pole sana, ntakibazo, haina neno."

Nani angemzuia? Wale wa kamati wakaona ni utamaduni, mmoja akatoa simu apige picha. Na mkono wa Skolastika nikauona unatoka mfukoni wenyewe, magoti yanakunjika, kwa sababu huyu ni mzee na yeye kalelewa. Na ule mwavuli kwapani, ncha yake ya chuma inatangulia mbele kuelekea kwenye mkanda wa shaba unaounganisha makopo. Angegusa kwa mwavuli, huku kamshika Skolastika viwikoni. Wangekwenda wote wawili, wameshikana, wakiulizana habari za ng'ombe.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Wee mzee! Rudi nyuma! Usimguse! Skola, mfukoni!"

"Wee mzee." Baba mkwe. Mbele ya wageni, mbele ya kijiji chake. Alisimama kama aliyegonga ukuta. Skolastika akarudisha mkono. Nami nikainyakua fimbo, nikaipiga ndoano kwenye shaba.

Umeme ule wote ulishuka kwa mpigo mmoja. Mlio ulikuwa kama bati la nyumba nzima limeanguka, cheche ya bluu ikaruka kwenye ndoano, panya waliobaki tangu enzi za unga wakahama siku hiyo. Mpiga picha alidondosha simu. Mkuu wa kamati nilimkuta nyuma ya pipa la mafuta, suti imebadilika rangi. Na Mzee Bitaho alikuwa amekaa sakafuni, koti la sherehe na yote, anatazama mwavuli wake, kisha shaba, kisha mwavuli.

Hakuna aliyemsogelea. Akainuka mwenyewe, akajipangusa polepole.

"Yakobo."

"Naam, baba."

"Umenifokea."

"Nimekufokea."

"Mbele za watu."

"Mbele zao."

Sikuomba radhi, na sitaomba. Mkitaka kujua nilichokuwa nafikiria, nilikuwa nafikiria mahindi.

"Basi toka nje," akasema, "unisalimie. Yote. Usiruke kitu."

Tukatoka. Mbele ya magari ya kamati, juani, nikainama, nikatoa mikono yote miwili. Mwidiwe. Amani? Nikauliza watoto wake, na anao wengi, kwa majina. Ng'ombe, pamoja na yule mwenye pembe moja. Migomba, shamba la juu na la bondeni. Nikifikiri nimemaliza, anasema, "Na jirani yangu hujamuulizia." Namuulizia. Mkuu wa kamati alitazama saa yake, akakohoa. Mzee Bitaho akamgeukia: "Mgeni, subiri. Huyu ananidai na mimi namdai." Hakukohoa tena.

Muda wote huo ndani Daktari Mwanaidi alikuwa na msasa. Sindano ya swichi, ile inayoanzisha cheche ya kwanza, ilikuwa imefunikwa na vumbi. Vumbi la magari yao, la milango yao ya heshima. Aliisugua, akafunga milango kwa miguu yake ya buti, pampu ikanyonya upya. Mimi nilikuwa nimefika kwenye mbuzi wa shemeji yake, ndipo Skolastika alipotoa kichwa dirishani akatikisa: tayari.

Wakarudi, wakasimama mbali zaidi ya tulivyowaomba. Pa! Mwanga wa zambarau ukajaa kioo, na kile kibati cha kupimia msukumo tulichokitundika ndani ya pipa kikasukumwa, kikabaki kinabembea peke yake, bila upepo, bila kuguswa na mtu.

"Ndiyo hiyo tu?" mkuu akauliza.

"Ndiyo hiyo tu," Daktari akamjibu, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Kibati kimesogea."

Mkuu akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. Kijiji kinasemaje? Je, mashine hii ina matatizo na wananchi?

Mzee Bitaho alitazama kibati mpaka kikatulia.

"Mashine haina tatizo," akasema. "Tatizo ni mkwe wangu. Mashine ibaki."

"Na mkwe?"

"Naye abaki humo humo na mashine yake. Kwangu asije."

Ndivyo ghala lilivyobaki karakana, na ndivyo ninyi mlivyopata mahali pa kuchezea simu mkilipwa. Papa Ilunga baadaye alichukuliwa pamoja na wakimbizi wenzake kwenda nchi ya baridi, ananitumia sauti kwenye simu: "Weye, mukono iko wapi?" Mashine ya sasa ni ya nne, plazma yake inanyooka kama uzi, na koili ya mdomoni bado ni ya mkono wangu, wala msiibadilishe kwa ile ya kiwandani, nimeiona, ni ovyo. Nami sikukanyaga kwa baba mkwe miaka yote hiyo. Mke wangu alikwenda peke yake, akarudi na ndizi na salamu za kila mtu isipokuwa za mwenye nyumba. Ukiniuliza kama ghala moja na watu wawili wazima vina thamani ya mlango mmoja kufungwa, nitakuambia ndiyo. Ila ulikuwa mlango mzuri. Walikuwa wanapika vizuri.

Mwezi uliopita nilimkabidhi Skolastika fimbo. Nikafungasha, narudi kwetu Titye. Mke wangu akasema hawezi kuondoka Kibondo bila mimi kumuaga baba yake, nifukuzwe au nisifukuzwe. Nikaenda.

Mzee Bitaho amezeeka sana sasa. Alikuwa amekaa kibarazani na koti lile lile. Aliponiona akajiinua kwa taabu. Nikainama, nikatoa mikono yote miwili kama inavyotakiwa.

Akanipa mmoja. Mwingine ulikuwa ndani ya koti.

"Mwidiwe, fundi."

"Mwidiwe, baba. Mkono mwingine una nini?"

"Hauna kitu," akasema, uso mkavu kama wa Daktari siku ya gongo. "Upo mfukoni. Niliambiwa wewe usiguswe kwa miwili."

Nikautia wangu wa kushoto mfukoni. Naye akaanza: watoto, ng'ombe, migomba, shamba la juu, la bondeni, hakuruka kitu. Tukasimama hivyo, kila mtu na mkono wake ndani ya nguo yake, mpaka mke wangu alipotoka jikoni kuuliza kama tumeugua.